Dawa bila kipimo si dawa ya wazee wetu

Mtu yeyote anayepita ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu, anajua ile sauti ya megafoni. Inaanza asubuhi, inamalizika jua ikishuka: "Tumbo inawaka? Gastriti? Kidonda cha tumbo? Amibe? Tifoide? Njoo baba, njoo mama! Dawa ni moja tu, ya asili, haina kemikali, haina madhara, inauwa mikrobe zote!" Halafu bidoni ya manjano inafunguliwa, maji ya rangi ya majani yanamiminwa ndani ya chupa ya zamani ya limonadi, na franga zinapita kutoka mkono huu hadi mkono ule. Hakuna jina la mti. Hakuna tarehe. Hakuna kipimo. Ukiuliza, jibu ni moja: "Unakunywa tu, mupaka utasikia muzuri."

Sisi tunaoandika ndani ya kijitabu hiki cha mila zetu, tunapashwa kusema wazi: yule mwenye megafoni si mrithi wa wazee wetu. Anatumia jina lao kama vile mwizi anavyovaa koti ya mwenye nyumba. Na kama sisi, watu wa mila, tunanyamaza juu ya kuogopa kuonekana wasaliti wa mila, basi tunamsaidia kuiba.

Tunajua kwamba tutapigwa kutoka pande mbili. Upande mmoja kuna wale waliosoma kidogo na wale wahubiri wanaosema kila muti ni uchawi, kila nyungu ni shetani. Tumeona kwa macho yetu mama mzee akiambiwa ang'oe mimea yote nyuma ya nyumba yake mbele ya kubatizwa. Upande wa pili kuna wale wanaosema kila kitu cha asili ni kizuri, na kwamba mtu akiuliza swali moja juu ya dawa ya kienyeji amekuwa mtumwa wa Wazungu. Hizi pande mbili zinachukiana, lakini ni ndugu. Zote mbili hazitaki kuuliza: muti gani? Sehemu gani ya muti? Kiasi gani? Siku ngapi? Kwa nani?

Koko alikuwa na sheria

Tuanze na wazee wenyewe, kwa maana hao njo tunaodai kuwatetea. Koko yetu, kule Walungu, alikuwa anajulikana kwa mubirizi, ule muti mchungu unaooteshwa karibu na nyumba, na ambao wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Watu walikuja kwake juu ya tumbo, juu ya minyoo, juu ya homa. Je, alikuwa anawapa bidoni? Hata siku moja. Alihesabu majani kwa vidole. Asubuhi tatu, mbele ya kula, kisha mtu anaacha. Mwanamke mwenye mimba alimrudisha nyumbani bila dawa. Mtoto mdogo hakupewa dawa ya mkubwa. Na kama asubuhi ya nne mtu angali analia, koko alisema: "Ugonjwa hii si yangu. Mupeleke kwingine." Kuku alikuja kisha mgonjwa kupona, si mbele. Yule wa Kadutu anapokea franga kwanza, na mgonjwa akizidiwa, hamtaona tena ule uso pale sokoni.

Sasa, tofauti ya hao wawili iko wapi? Si katika muti. Pengine wote wawili wanatumia mubirizi uleule. Tofauti iko katika kipimo, katika makatazo, na katika aibu ya kukosea. Ondoa hivyo vitatu, kinachobaki ni maji machungu.

Hata nyama wa pori wanajua jambo hili. Ngambo ya pili ya ziwa Tanganyika, mbele ya Kongo yetu, kuna milima ya Mahale, nchini Tanzania. Mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa kabila la Watongwe aliyejua miti ya kwao, walimfuata sokwe mmoja jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, amelegea, hana nguvu. Alifika ku mubirizi, akavunja tawi changa, akatoa majani, akatoa ganda, akatafuna kile kiini cha ndani tu, akameza maji yake na kutema nyuzi. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu tena. Uchunguzi wa kisha ulionyesha kwamba yale majani na ganda aliyotupa yana sumu kali kuliko kile kiini. Sokwe alichagua sehemu na alichagua kiasi. Na Watongwe nao walikuwa wanautumia muti huohuo juu ya tumbo. Basi sokwe wa Mahale ana adabu ya dawa kuliko mtu wa megafoni. Ni haya kwetu.

Majivu yanazima moto, hayajengi nyumba

Tuje sasa kwenye ile "tumbo inawaka", kwa maana hapo njo biashara kubwa iko. Nani kati yetu hajaona mtu anachoma maganda ya ndizi, anachuja majivu kwa maji, na anakunywa kikombe kidogo? Ni mambo ya zamani. Maji hayo ya majivu tuliyatumia pia ku jikoni, kulainisha maharagi na sombe. Na ukweli usemwe: kwa ule moto wa tumbo, yanasaidia. Sisi tunafundisha kemia, na jambo hili tumelifanya darasani pamoja na wanafunzi. Tulichukua karatasi ya turnesoli nyekundu, tukaiweka ndani ya maji ya majivu: ikageuka bluu mara moja. Tukaongeza maji ya ndimu kidogo kidogo: mapovu yakapanda, na ukali wa ndimu ukapungua. Ndani ya majivu mna kaboneti ya potasi, ndugu ya ile bikabonati inayouzwa farmasi. Asidi ikikutana nayo inazimika, gesi inatoka, mtu anateuka, anasema: "Aa, nimepona!"

Kisha tukachukua maji ya mubirizi na maji ya majani ya mapera, tukafanya vilevile. Karatasi nyekundu ilibaki nyekundu. Wanafunzi walishangaa, kwa maana ku soko wameambiwa kwamba hayo yote "yanauwa asidi". Kumbe sivyo. Majani ya mapera yana tanini, yanakausha na kusaidia mtu anayehara. Mubirizi una uchungu wake na kazi yake. Lakini kuyaita yote dawa ya asidi ni uongo ambao mtoto wa sekondari anaweza kuufunua kwa karatasi ndogo.

Tena, hata yale majivu yanayofanya kazi kweli yana mipaka mitatu. Kwanza, yakiwa makali mno yanachoma koo na tumbo, sawa vile sabuni ya kienyeji inavyochoma mikono. Pili, potasi nyingi ni hatari kwa mtu mwenye figo mbovu, na wengi hawajui hali ya figo zao. Tatu, na hili njo kubwa: kuzima maumivu si kuponya kidonda. Nyumba ikiungua, ukiziba king'ora hujazima moto.

Kuna jambo lingine ambalo hatulisikii likisemwa. Asidi ya tumbo si adui. Mungu aliiweka pale ikiwa mlinzi wa mlango. Mikrobe nyingi tunazomeza na maji na chakula zinakufa pale. Yule wa kipindupindu ni mmoja wao: asidi inawaua wengi mbele hawajafika ku matumbo, na mtu ambaye asidi yake imepungua anashikwa kwa urahisi zaidi. Sisi watu wa Kivu tunaishi kando ya maziwa ambamo kipindupindu kinarudi kila mara. Tunakumbuka Goma, mwezi wa saba mwaka 1994. Basi kumwambia mtu wa Uvira au wa Goma anywe dawa ya kuua asidi kila siku, mwaka mzima, bila sababu inayojulikana, ni kumwondolea askari mlangoni usiku wa wezi.

Mikrobe ya tumbo na mikrobe ya sahani

Zamani, hata waganga wakubwa wa Ulaya waliamini kwamba kidonda cha tumbo kinatokana na mawazo mengi na asidi nyingi tu. Mwaka 1982, kule Perth nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren walionyesha mikrobe inayoishi ndani ya tumbo, ile inayoitwa leo Helicobacter pylori. Watu hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa yeye mwenyewe kikombe cha mikrobe hizo, akashikwa na gastriti. Mwaka 2005 wote wawili walipata zawadi ya Nobel. Kutoka siku hizo tunajua kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na mikrobe hiyo, na vingine vinaletwa na vidonge vya maumivu, kama aspirini, ibuprofene na diklofenake, ambavyo watu wetu wanameza kama karanga. Na mikrobe hiyo ikiachwa miaka mingi inaweza kuleta kansere ya tumbo.

Wenye megafoni wamesikia habari hiyo. Leo hawasemi tena "dawa ya tumbo" tu, wanasema "antibiyotiki ya asili". Na kuna wasomi wanaowasaidia, wanaoshika karatasi na kusema: "Utafiti umeonyesha kwamba muti huu unauwa mikrobe." Ni kweli, tafiti ziko. Majirani zetu wa Butare, Rwanda, katika miaka ya 1980, walichunguza muravumba, ule muti wa harufu kali, Tetradenia riparia, wakapata ndani yake kitu kinachozuia mikrobe kadhaa. Ni kazi ya heshima, na inatupa haki sisi tuliosema wazee hawakuwa wajinga.

Lakini soma karatasi mpaka mwisho, ndugu msomi! Kuua mikrobe ndani ya sahani ya labo ni jambo moja. Kuiua ndani ya mwili wa mtu ni jambo lingine. Hata maji ya javel yanaua mikrobe ndani ya sahani, je, tutayanywa? Chukua kitunguu saumu. Ndani ya sahani kinaua Helicobacter vizuri. Mwaka 1999, kule Marekani, watafiti waliwalisha watu wenye mikrobe hiyo kitunguu saumu kibichi, kisha wakapima. Mikrobe haikushituka. Imejificha chini ya ute wa tumbo, na dawa inapita juu yake kama mvua juu ya bati. Hata antibiyotiki ya lopitali, ikiwa moja peke yake, haitoshi: waganga wanachanganya mbili au zaidi na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku hadi 14. Na yule wa bidoni anasema kikombe kimoja!

Tuwe wa haki. Kuna mimea ambayo inaonekana kusaidia ukuta wa tumbo wenyewe. Unga wa ndizi mbichi, wa aina ile ya kupika, ulichunguzwa India na Uingereza, na katika panya ulilinda tumbo lisipate vidonda. Iliyoiva haikufanya kitu. Kwa hiyo hata hapo: ndizi gani, mbichi ama iliyoiva, kiasi gani? Aloe nayo: maji meupe ya ndani ni tofauti na ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, unaoharisha kwa nguvu. Anayesaga jani zima na kulitia ndani ya bidoni amechanganya dawa na purgatifu. Mgonjwa anahara, muuzaji anamwambia: "Ni uchafu njo inatoka." Hapana. Ni maji ya mwili wake njo yanatoka.

Mwenzetu

Tungeweza kunyamaza kama hasara ilikuwa ya franga tu. Lakini tulikuwa na mwenzetu, mwalimu kama sisi, mtu wa mizaha, mpenda kasiksi. Tumbo lilikuwa linamchoma usiku. Alianza na majivu, akapata raha. Kisha bidoni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ilileta raha ya juma moja. Kichwa kikiuma, alimeza ibuprofene juu yake. Akapunguka mwili, akasema ni mshahara unaomkondesha, nasi tukacheka pamoja naye. Siku moja katika chumba cha walimu alimwambia mmoja wetu kwa sauti ya chini kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama goudron. Tulimjibu nini? Tulimwambia pengine ni dawa inasafisha.

Juma lile alitapika damu darasani, mbele ya watoto. Alifika ku lopitali akiwa amechelewa. Hakurudi.

Tunaandika jambo hili si kwa kumhukumu muuzaji peke yake. Sisi wenye diplome, sisi tunaofundisha asidi na bazi kwa watoto wa watu, hatukujua kwamba choo cheusi ni damu inayovuja ndani. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua, wanasema. Sisi hatukuficha ugonjwa, tulificha ujinga wetu.

Watatujibu

Watatujibu kwanza: "Lopitali ni bei." Hilo ni jibu la kweli, na hatutalikimbia. Mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa, mama anayebeba mizigo kutoka bandarini hadi Kadutu, hawa hawaendi kwa mwenye bidoni juu ya kupenda mila. Wanaenda juu ya mfuko mtupu. Lakini hesabuni chupa za mwenzetu, moja baada ya nyingine, mwaka na nusu. Zilipita bei ya kipimo na vidonge vya siku 14. Maskini amelipa, tena amelipa sana, isipokuwa alilipa kidogo kidogo na hakupata kitu.

Watajibu pili: "Wazungu wanataka kutuibia miti yetu." Ndiyo, wizi ulikuwako na uko. Lakini muti usioandikwa njo unaibiwa kwa urahisi. Wachina waliandika. Tu Youyou, aliyepata Nobel mwaka 2015, alikuwa amesoma kitabu cha kale cha nchi yake kilichosema ule muti wa homa ulowekwe na kukamuliwa, si kuchemshwa. Neno hilo dogo lilimfungua macho: moto mkali ulikuwa unaharibu dawa. Artemisinine ilitoka pale. Kama mzee yule wa kale angesema "unakunywa tu", dunia isingekuwa nayo.

Na sisi hapa Kivu mfano tunao nyumbani. Kinkina ni ganda la muti kutoka milima ya Amerika ya Kusini, ukapandwa katika vilima vyetu, na Pharmakina ilitoa kinini hapa hapa Bukavu. Ni ganda la muti! Lakini tangu mwaka 1820, Pelletier na Caventou walipotenga kinini kule Paris, iliwezekana kuipima kwa uzito. Kila mmoja wetu anajua kinini ikizidi masikio yanalia, na ikizidi zaidi moyo unaharibika. Je, ni "kemikali" ama ni "asili"? Ni vyote viwili. Mwili hauulizi dawa imetoka pori ama kiwandani. Unauliza kiasi tu.

Watajibu tatu: "Kwetu hakuna wataalamu." Uongo. IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilijenga kituo cha Lwiro, ambamo mimea ya nchi hii ilikusanywa, ikakaushwa, ikaandikwa majina. Mtafiti wa Lwiro, Chifundera Kusamba, ameandika juu ya mimea ya dawa ya Bushi, ya watu na ya ng'ombe. Kule Luozi, Kongo ya Kati, mfamasia Batangu Mpesa alitoa Manalaria, dawa ya malaria kutoka mimea, ikiwa na kipimo. Wataalamu wako. Wasiokuwako ni sisi, kwa maana hatuwapelekei chochote, na wazee wetu wanazikwa na majani yao kichwani.

Tunachodai

Hatudai megafoni zikamatwe na polisi. Tunajua mwisho wake: muuzaji atalipa kitu kidogo na kesho atarudi. Tunadai mambo ambayo kila msomaji wa kijitabu hiki anaweza kuyafanya.

Kila mmoja aende kwa mzee wake mwenye kujua miti, na daftari mkononi. Aandike jina la muti kwa lugha ya nyumbani, sehemu inayotumiwa, namna ya kuitayarisha, kiasi, siku, na zaidi ya yote makatazo. Anayeandika dawa bila makatazo ameandika nusu, na ni ile nusu inayoua.

Mtu asinunue chupa isiyo na jina la muti, tarehe na kipimo. Mwenye kuuza akikataa kutaja muti, ni kwamba haujui ama anaogopa utajulikana.

Mtu akienda ku kituo cha afya aseme dawa ya kienyeji aliyokunywa, na muganga wa kituo asimcheke. Wale wenye blouse nyeupe wanaodhihaki wagonjwa njo wanaowafundisha kuficha.

Wahubiri waache kuwang'olesha wamama mimea. Shetani hakai ndani ya jani la mapera.

Na mwisho, kila mtu ashike hili kwa kichwa: tumbo likiuma kupita majuma mawili, mwili ukipunguka bila sababu, choo kikiwa cheusi, ama matapiko yakifanana na masimbi ya kahawa, wakati wa majani umekwisha. Ni lopitali, siku ileile, hata kwa deni. Koko mwenyewe angesema hivyo. Alisema asubuhi ya nne: "Ugonjwa hii si yangu."

Neno hilo njo urithi mkubwa kuliko mubirizi wenyewe. Mganga wa kweli anajua dawa yake inaishia wapi. Tukirudisha neno hilo, hakuna atakayetuita washenzi. Tukilipoteza, hata tukicheza ngoma na kuvaa ngozi siku zote za sikukuu, tutakuwa tumebaki na nguo ya wazee bila akili yao.